Makasri ya Tsar: wapi umlipe mwongozaji, wapi utembee mwenyewe

Ukiwa na siku tatu au nne St. Petersburg, makasri ya watawala wa Urusi hutayamaliza, na ni heri usijaribu. Kuna Kasri la Majira ya Baridi katikati ya mji, kando ya mto Neva. Kuna Peterhof kwenye Ghuba ya Ufini. Kuna makasri mawili ya Tsarskoe Selo, mji mdogo kusini mwa St. Petersburg: la Catherine na la Alexander. Hapo bado hujagusa Pavlovsk, Gatchina wala Oranienbaum. Wauza safari huyafunga kwa mafungu, mawili kwa siku, wakati mwingine matatu, na mgeni hurudi hotelini jioni simu imejaa picha za dari za dhahabu asizoweza kuzitofautisha.

Nitayapima kwa swali moja: mwongoza watalii anakuongezea nini ambacho macho yako hayakupi? Tiketi ya mlangoni utainunua kwa vyovyote vile. Mwongozaji ndiye gharama unayoweza kuiongeza au kuiacha, na ndiye wengi wanayemkodi mahali pasipomhitaji, kisha wanamkosa mahali ambapo bila yeye utapita mbele ya meza iliyobadilisha historia ya dunia ukidhani ni meza ya chakula tu.

Kasri la Majira ya Baridi na Kasri la Catherine

Tuanze na haya mawili kwa sababu yametoka kwenye mikono ya mtu mmoja. Msanifu Bartolomeo Francesco Rastrelli, mwenye asili ya Italia, aliyajenga yote kwa amri ya Malkia Elizabeth wa Urusi, binti wa Peter Mkuu, Tsar aliyeuanzisha mji huu. La Tsarskoe Selo lilikamilika mwaka 1756. La mjini lilianza 1754 na kumalizika 1762, Elizabeth akiwa ameshafariki. Ukiyatazama kwa nje utaona undugu wao: ukuta mrefu, nguzo nyeupe, sanamu na madirisha yasiyokwisha, moja likiwa la kijani na jingine la buluu.

Ndani yameachana kabisa. Kasri la mjini lina vyumba zaidi ya 1,000 na limemezwa na makumbusho ya Hermitage. Catherine wa Pili aliyaanzisha mwaka 1764 aliponunua shehena ya michoro kutoka Berlin, na leo yana vitu kiasi cha milioni tatu katika majengo yaliyoungana kando ya Neva. Matokeo yake ni kwamba anayekuja kuona maisha ya kifalme hupotelea kwenye kumbi za Rembrandt na za Misri ya kale, akachoka, akatoka bila kuona chumba hata kimoja ambacho Tsar alikitumia. Hapa mwongozaji ana thamani kubwa, na kazi yake ya kwanza ni kukuchagulia njia. Mwambie mapema kabisa, kabla hamjapita ukaguzi, kwamba unataka kasri, michoro itasubiri siku nyingine. Mwongozaji mzuri ataelewa na kubadilisha njia yake.

Njia yenyewe iwe hivi. Mpande Ngazi za Yordani, ambazo Tsar alizishuka kila Januari, sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, kwenda kushuhudia maji ya Neva yakibarikiwa. Mpite kwenye ukumbi wa kiti cha enzi, halafu kwenye ujia wa picha za majenerali waliopigana na Napoleon mwaka 1812: picha 332, na fremu 13 ambazo hazina sura ya mtu, kitambaa cha kijani tu na jina chini yake. Kisha mfike Chumba cha Malakiti.

Hapo simama. Moto wa Desemba 1837 uliteketeza karibu mambo yote ya ndani ya kasri, na chumba hiki ni cha baada ya moto, kazi ya Alexander Bryullov. Nguzo zake za kijani zinaonekana kama zimechongwa kwenye jiwe zima. Ukisogea karibu utagundua ni vipande vyembamba vya malakiti kutoka milima ya Ural, vimebandikwa kimoja kimoja na mafundi waliofuatisha michirizi ya jiwe mpaka mishono ikafichika. Watu wengi hupiga picha hapo na kuondoka. Mlango wa pembeni unaingia kwenye chumba kidogo cheupe cha kulia, na humo, usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Oktoba 1917 kwa kalenda ya zamani ya Urusi, Wabolsheviki, wanamapinduzi wa Lenin, waliwakuta mawaziri wa Serikali ya Muda iliyoshika nchi baada ya Tsar kujiuzulu, wakawakamata. Saa iliyo juu ya meko ilisimamishwa saa nane na dakika kumi usiku ikawa kumbukumbu ya tukio hilo, ikakaa hivyo miaka mingi mpaka ilipowashwa tena mwaka 2017. Ni chumba kisichojitangaza. Bila mtu wa kukuambia utakipita kwa sekunde kumi.

Jirani na hapo kuna ukumbi ambao msomaji wa Afrika hapaswi kuukosa, ule uliopewa jina la watumishi weusi wa kifalme. Kwa vizazi kadhaa watawala wa Urusi waliweka milangoni pao watu weusi waliovaa vilemba na mavazi ya nakshi, na kazi yao ilikuwa kufungua na kufunga milango. Hawakuwa walinzi. Walikuwepo mpaka siku za mwisho za Nicholas wa Pili. Mmoja wao, Jim Hercules, alitoka Marekani, na inasimuliwa kwamba akirudi likizoni aliwaletea watoto wa Tsar jeli ya mapera. Muulize mwongozaji wako juu ya watu hawa. Ukiona anababaika, utajua umepata mtu aliyekariri hotuba moja.

Kasri la Catherine ni kinyume cha hayo yote. Huwezi kupotea. Vyumba vimepangwa kwa mstari mmoja, milango ikitazamana kutoka mwanzo hadi mwisho, na wageni wanatiririka upande mmoja. Mlangoni unaacha koti, unavaa vifuniko vya viatu ili usikwaruze sakafu ya mbao za rangi mbalimbali, kisha unaingia kwenye mkondo. Ukumbi Mkuu una vioo na dhahabu kiasi kwamba mwanga wa mchana wa kawaida unaonekana kama wa sherehe. Baadaye kidogo unafika Chumba cha Kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka kama jiwe.

Historia ya chumba hiki inajulikana na inastahili kurudiwa. Mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, alimpa Peter Mkuu kuta za kaharabu mwaka 1716. Elizabeth akaziweka Tsarskoe Selo mwaka 1755. Wajerumani walizing'oa mwaka 1941 wakazipeleka Königsberg, ambayo leo ni Kaliningrad, na vita vilipokwisha hazikuonekana tena. Mafundi wa Kisovieti walianza kukijenga upya mwaka 1979 na kazi ikakamilika 2003, St. Petersburg ilipotimiza miaka 300, baada ya kampuni ya gesi ya Ujerumani kuchangia fedha za kumalizia. Kipande kimoja cha mapambo ya mawe ya chumba cha asili kilipatikana Ujerumani mwaka 1997 na kurudishwa. Ukiwa ndani, tazama rangi: asali nyepesi, asali nzito, chungwa, na hudhurungi ya chai ya rangi, zimepangwa zikaungana bila pengo.

Lakini dakika ulizo nazo humo ni chache, maana kundi lingine liko nyuma yako. Ndiyo maana kwa Kasri la Catherine nashauri usimlipe mwongozaji wa binafsi. Hawezi kukusimamisha unapotaka kusimama, na mambo mazito anayokueleza unayasikia huku unasukumwa. Kundi la kawaida au kifaa cha sauti cha kukodi mlangoni kinatosha. Wakati wa kiangazi makundi yenye nafasi iliyowekwa mapema huingia kwa urahisi kuliko mtu aliyejitokeza peke yake, na hiyo peke yake ni sababu ya kujiunga na kundi.

Ng'ambo ya bustani: Kasri la Alexander

Kutoka kwenye dhahabu ya Catherine unatembea kidogo tu kufika kasri jingine, la rangi ya njano na nyeupe, lenye safu mbili za nguzo mbele. Giacomo Quarenghi alilijenga kati ya 1792 na 1796 kwa agizo la Catherine wa Pili, zawadi kwa mjukuu wake Alexander. Mabasi mengi ya watalii hayaji huku. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito kuliko pengine pote katika orodha hii.

Nicholas wa Pili alizaliwa katika kasri hili mwaka 1868. Mwaka 1905, nchi ilipochafuka, aliifanya familia yake ihamie hapa moja kwa moja, na wakaishi hapa hadi mwisho. Alipojiuzulu Machi 1917 alirudishwa hapahapa akiwa mfungwa. Kwa miezi kadhaa yeye, mkewe Alexandra, mabinti wanne na kijana wao Alexei aliyeugua ugonjwa wa damu kutoganda waliruhusiwa kutembea sehemu ndogo tu ya bustani chini ya ulinzi. Walilima mboga. Tsar alikata kuni. Agosti wakapelekwa Tobolsk, na usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918 wakauawa wote Yekaterinburg.

Vyumba vyao vilifunguliwa tena kwa umma mwaka 2021. Vilikuwa vimepotea kabisa: baada ya vita jengo lilitumiwa kwa shughuli nyingine, na kwa miaka mingi lilikuwa mikononi mwa jeshi la majini. Warejeshaji walifanya kazi kwa kutumia picha za rangi zilizopigwa mwaka 1917, masalia ya vitambaa, na samani zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye makumbusho mengine. Utaona sebule ya Alexandra ya zambarau hafifu alimokaa muda mwingi wa siku. Utaona chumba cha kazi cha Tsar, na bafu lake la mtindo wa Wamori, Waislamu wa kale wa Afrika Kaskazini na Hispania, lenye birika kubwa la kuogea.

Sasa jiulize macho yanakupa nini hapa. Yanakupa vyumba vya familia tajiri ya mwanzo wa karne ya ishirini, vyenye fenicha nyingi na picha nyingi ukutani. Tena vyumba vya wastani. Kuna hoteli zenye vyumba vya fahari kuliko hivi. Hapa mwongozaji anastahili kila ruble. Yeye ndiye atakayekuambia kwa nini mtawala wa nchi kubwa kuliko zote duniani alijifungia nje ya mji wake mkuu, kwa nini ugonjwa wa mtoto ulifanywa siri, Rasputin, mtu wa maombi aliyeaminiwa na Alexandra, aliingiaje katikati, na ni madirisha yapi mabinti walikuwa wakiyatazama huku askari waliokuwa wakiwapigia saluti jana yake wakiwaamuru. Kama fedha yako inatosha kumkodi mwongozaji wa binafsi mara moja tu katika safari nzima, mkodi hapa.

Ukiwa bado Tsarskoe Selo, usiondoke bila kuingia Lyceum, jengo lililounganishwa na Kasri la Catherine kwa tao. Shule hii ilifunguliwa 1811, na mmoja wa wanafunzi wa kwanza alikuwa Alexander Pushkin, mshairi ambaye mji huu mzima wa Tsarskoe Selo umeitwa rasmi kwa jina lake tangu 1937. Chumba chake ni namba 14, chembamba, na ukuta wa kukitenganisha na cha jirani haufiki darini. Babu wa mama yake alikuwa Abram Petrovich Gannibal, mtoto wa Kiafrika aliyeletwa katika jumba la Peter Mkuu, akabatizwa Vilnius mwaka 1705 Tsar mwenyewe akiwa baba yake wa ubatizo, akasomea uhandisi wa kijeshi Ufaransa na kufikia cheo cha jenerali. Kwa hiyo anayedhani makasri haya hayana uhusiano wowote na bara letu apite hapa kwanza. Mwongozaji si lazima. Watunzaji wa Lyceum wana maelezo yao, na chumba chenyewe kinajieleza.

Peterhof: usimlipe mtu, nunua tiketi ya boti

Peter Mkuu aliona jinsi wafalme wa Ulaya Magharibi walivyoishi, akataka mahali pa kuwashinda. Peterhof ilizinduliwa 1723. Kinachowavuta watu ni chemchemi za kurusha maji, nyingi ajabu, 64 zikiwa kwenye maporomoko makuu mbele ya kasri peke yake. Katikati yuko Samson wa dhahabu akipasua taya za simba, na maji yanaruka kutoka kinywani mwa simba hadi mita 20 hivi. Aliwekwa mwaka 1735 kukumbuka ushindi wa Urusi dhidi ya Wasweden pale Poltava mwaka 1709. Huyu wa leo ni wa 1947: wa kwanza alichukuliwa na Wajerumani wakati wa vita na hakupatikana tena.

La kustaajabisha zaidi halionekani. Hakuna pampu hata moja. Maji yanatoka kwenye miinuko ya Ropsha, zaidi ya kilomita 20 kutoka hapo, yanashuka kwa mifereji na mabwawa kwa nguvu ya mteremko tu, yanapita kwenye mabomba na kuruka. Mfumo huo ulichimbwa mwaka 1721 chini ya fundi Vasily Tuvolkov, na ungali ukifanya kazi. Haya ninayokuandikia ndiyo sehemu kubwa ya yale ambayo mwongozaji angekuambia, kwa hiyo umeshaokoa fedha hiyo.

Iweke kwenye boti. Boti za mwendo kasi, zile zinazoinuka juu ya maji, huondoka gatini mbele ya Kasri la Majira ya Baridi na kukufikisha kwenye gati la Peterhof kwa nusu saa na ushee. Unashuka, mbele yako kuna mfereji ulionyooka mpaka kwenye maporomoko na kasri juu yake, vile Peter alivyotaka mgeni afike. Anayekuja kwa basi huingia kwa nyuma. Jitahidi uwe mbele ya maporomoko kabla ya saa tano asubuhi, yanapofunguliwa kwa muziki.

Jambo moja liangalie unaponunua ziara iliyopangwa. Peterhof ni mkusanyiko wa makumbusho mengi, kila moja na tiketi yake. Ziara nyingi za bei nafuu zinakupa Bustani ya Chini peke yake, Kasri Kuu hamuingii. Si udanganyifu, imeandikwa kwenye tangazo, ila kwa herufi ndogo. Na kwa kweli sioni hasara. Kuliko kupanga foleni ya Kasri Kuu, nenda Monplaisir, nyumba ya matofali ya chini kabisa kando ya maji, ambayo Peter aliipenda kuliko zote. Ni ndogo, ina vigae vya Kiholanzi, na madirisha yake yanatazama bahari. Alfajiri ya tarehe 28 Juni 1762, kalenda ya zamani, Catherine alikuwa amelala hapa Monplaisir Alexei Orlov alipokuja kumwamsha na kumpeleka mjini, akatangazwa mtawala siku hiyohiyo. Mumewe, Tsar Peter wa Tatu, alikuwa Oranienbaum, mwendo mfupi tu ukifuata ufuko.

Chemchemi hufanya kazi kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Oktoba. Nje ya msimu huo Peterhof ishuke chini kabisa kwenye orodha yako.

Yale yasiyo na foleni

Pavlovsk iko kituo kinachofuata baada ya Tsarskoe Selo kwenye reli ileile. Catherine wa Pili alimpa mwanawe Paul ardhi hiyo mwaka 1777, Mskoti Charles Cameron akajenga kasri, na mke wa Paul, Maria Feodorovna, akalifanya kuwa nyumba ya kuishi. Wajerumani waliporudi nyuma Januari 1944 waliliacha likiungua. Watumishi wake walikuwa wamefukia sanamu ardhini kabla ya adui kufika, na urejeshaji wa hapa ndio uliowafundisha wengine. Bustani ni ya hekta 600 hivi, yenye mto na kindi wanaokula mkononi. Mwenye watoto na aliyechoshwa na dhahabu watapenda. Kifaa cha sauti kinatosha.

Gatchina iko kilomita 45 kusini, kubwa, ya mawe ya kijivu, inafanana na ngome. Alexander wa Tatu aliikimbilia baada ya baba yake kuuawa kwa bomu mwaka 1881. Ina njia ya chini ya ardhi kutoka kasri hadi ziwani. Sehemu tu ya vyumba imerejeshwa. Ni ya mtu aliyekwisha kuona mengine.

Oranienbaum naisemea zaidi kidogo kwa sababu ina kitu ambacho majirani zake wote wamekipoteza. Jeshi la Ujerumani halikufika. Peterhof, Tsarskoe Selo, Pavlovsk na Gatchina zote zilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, na mengi unayoyaona huko leo ni kazi ya warejeshaji, iliyofanywa kwa ustadi mkubwa na inayostahili heshima yake. Kasri la Kichina la Oranienbaum, lililojengwa na Antonio Rinaldi kwa ajili ya Catherine wa Pili miaka ya 1760, lina kuta zilezile za karne ya kumi na nane. Humo kuna Chumba cha Shanga, ambacho kuta zake zimetariziwa ndege na miti juu ya safu za shanga ndefu za kioo, zikimeremeta kulingana na unavyosogea. Kama kwako kugusa uasili ni jambo la kwanza, chagua hapa kabla ya Kasri la Catherine, na uje wakati wa joto, maana majira mengine hufungwa.

Aina za mwongozaji, na maswali ya kumuuliza kabla ya kulipa

Ziara ya basi la pamoja ni rahisi kwa mtu asiyejua Kirusi: wanakuchukua, wanakurudisha, tiketi wanazo. Hasara yake ni saa zinazoishia barabarani na kwenye maduka ya zawadi. Mwongozaji wa binafsi anagharimu mara kadhaa ya hapo, ila gharama hiyo ni kwa kundi zima. Familia ya watu wanne au marafiki watano wakigawana, tofauti inapungua sana. Kifaa cha sauti ndicho nafuu kabisa, na kwa Kiingereza kipo karibu kila mahali.

Kabla ya kulipa, uliza kama mwongozaji anaingia nanyi ndani ya kasri au anaishia langoni. Sheria ya Urusi inawataka waongozaji wawe wamethibitishwa na kupewa kitambulisho, na makumbusho makubwa yana waongozaji walioruhusiwa kuzungumza kumbini mwao. Ndiyo maana mpwa wako anayesoma udaktari huko, hata awe anaijua Hermitage kuliko wenyeji, hataruhusiwa kuwaongoza kundi zima ndani akiwaelezea kwa sauti. Mtumie kwa treni, kwa dirisha la tiketi na kwa kuagiza chakula. Hapo hakuna wa kumshinda. Uliza pia ni tiketi ipi imejumuishwa, ya bustani au ya kasri, na mtakaa ndani kwa muda gani. Jibu la "muda wa kutosha" halitoshi.

Mwongozaji wa Kiingereza utampata bila shida, wa Kifaransa pia kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Wa Kiswahili ni nadra, lakini si ndoto: Kiswahili kimefundishwa katika chuo kikuu cha St. Petersburg tangu miaka ya 1930, na idara yake iko ng'ambo ya Neva, karibu ukitazama kutoka Kasri la Majira ya Baridi. Mhitimu wa huko anaweza kukaa kando ya mwongozaji rasmi na kuwatafsiria wazazi wako wasiotumia Kiingereza. Panga jambo hilo wiki kadhaa kabla.

Fedha, msimu na hali ya sasa

Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi nchini humo tangu Machi 2022. Beba dola au euro taslimu, noti safi, ubadilishe benki. Hii inagusa ziara moja kwa moja: tiketi nyingi za mtandaoni hutaweza kuzilipia kwa kadi ya kwenu, na hapo wakala au mwongozaji anayekununulia kabla anakuwa na faida ya ziada hata kwa kasri ambalo ningekuambia uende mwenyewe.

Urusi iko vitani na Ukraine. Viwanja vya ndege husimamisha safari ghafla kwa sababu ya droni, na intaneti ya simu inaweza kukatwa, hivyo usitegemee ramani ya simu peke yake. Soma tahadhari za wizara ya mambo ya nje ya nchi yako, zungumza na ubalozi wa Urusi kuhusu viza, na hakikisha bima yako haikutenga nchi hiyo. Kama hayo yanakunyima usingizi, ahirisha. Makasri haya yameshavumilia makubwa.

Juni ina usiku mweupe, jua likizama kwa muda mfupi tu, na ndiyo yenye foleni ndefu kuliko zote. Septemba mwanzoni naipenda zaidi: chemchemi bado zinaruka, majani ya Pavlovsk yanageuka rangi, watu wamepungua. Desemba mchana ni wa saa sita hivi. Hermitage ni nzuri wakati huo, bustani za nje sivyo.

Ndege yako ikitua Moscow, tenga nusu siku kwa Ghala la Silaha la Kremlin, lenye kofia ya Monomakh, taji la kale la watawala, viti vya enzi, magari ya farasi na mayai ya vito ya sonara Fabergé. Chukua mwongozaji humo, vitu vimebanana mno. Kisha treni ya kasi ya Sapsan inakufikisha St. Petersburg kwa takriban saa nne.

Ningepanga hivi

Mwenye siku moja tu: Kasri la Majira ya Baridi na mwongozaji kwa muda wa saa tatu, kisha avuke mto mpaka kanisa la ngome ya Peter na Paul, walikozikwa karibu watawala wote tangu Peter Mkuu, na ambako mabaki ya Nicholas, mkewe na mabinti wao watatu yalizikwa tarehe 17 Julai 1998. Mwenye siku mbili aongeze Tsarskoe Selo: Catherine na kundi asubuhi, Alexander na mwongozaji wa binafsi mchana, Lyceum akiwa na nguvu. Siku ya tatu, wakati wa joto, Peterhof kwa boti bila mwongozaji. Wakati wa baridi aiache, apande treni ya Pavlovsk.

Wazazi wenye magoti mabovu wasipelekwe Gatchina wala wasizungushwe makasri mawili kwa siku. Wape Peterhof: njia ni tambarare, viti ni vingi, na boti inawafikisha karibu.

Panga pia kwa siku za juma. Hermitage hufungwa Jumatatu, Kasri la Catherine hufungwa Jumanne na Jumatatu ya mwisho ya mwezi, Kasri Kuu la Peterhof kila Jumatatu na pia Jumanne ya mwisho ya mwezi. Atakayefika Jumapili usiku aitumie Jumatatu kwa bustani za Peterhof, Hermitage iwe Jumanne, Tsarskoe Selo Jumatano, na ratiba za vyumba vidogovidogo azithibitishe na makumbusho yenyewe wiki moja kabla ya kuondoka.